Sabasaba ya Dar, Saba Saba ya Nairobi

(Mazungumzo niliyoyatoa Arusha mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichopunguza ni kikohozi tu.)

Shikamooni wazee. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Vijana, hamjambo? Wageni wetu mliotoka ng'ambo ya Namanga, karibuni sana, na poleni na foleni ya mpakani. Itifaki nyingine zote naomba zihesabike zimezingatiwa, maana nimepewa nusu saa na mshereheshaji ameshaanza kuitazama saa yake.

Niliambiwa nichague tarehe moja ya kalenda nieleze yaliyotokea siku hiyo. Wengi wangechukua siku ya uhuru au siku ya muungano. Mimi nimechukua tarehe 7 Julai, na sababu ya kwanza ni ya mwalimu wa lugha: hii ni tarehe iliyojipa jina yenyewe kwa kusomwa tu kwa Kiswahili. Tarehe saba, mwezi wa saba. Sabasaba. Wenye Kiingereza mwezi huu wanauita kwa jina la Julius, yule Kaisari wa Roma. Sisi mitaani tunahesabu tu, mwezi wa sita, mwezi wa saba, mwezi wa nane, na kwa kuhesabu huko jina likapatikana bila kamati. Ingawa, nikiri, na sisi Sabasaba yetu ina Julius wake. (Kicheko.)

Kijembe kidogo kwa wanafunzi wa isimu kabla sijaendelea. Hilo neno "saba" lenyewe tulilipokea kwa Waarabu, pamoja na sita na tisa. Saba ya Kibantu ipo, imejificha kwenye harusi: fungate, zile siku saba za maharusi ndani. Kwa hiyo kama wahenga wangekataa kuazima, leo tungekuwa tunasherehekea Fungate-Fungate, na sijui nani angekwenda kazini.

Sasa niwapeleke Nairobi.

Jumapili jioni, tarehe 6 Julai 1997. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Shauri Moyo, miezi minne tangu nitoke Dar es Salaam. Baridi ya Julai ya Nairobi mnaijua, inaingia mpaka kwenye shuka. Natoka uani namkuta mama mwenye nyumba ameinama juu ya karai, anachovya vitambaa kwenye maji, anavikamua nusu, anavipanga kwenye ndoo. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, unafua usiku huu?" Akasema hafui. Mimi nikaendelea na langu. Nikamwambia, kwa furaha kabisa, "Mama, kesho Sabasaba! Nyinyi huku mnakwenda wapi?"

Yule mama aliacha kukamua. Akanitazama kama mtu anayepima kama mwenzake ana akili timamu. Akasema, "Wewe mtu wa Tanzania. Kesho hakuna kwenda mahali. Kesho ni Saba Saba."

Ndugu zangu, tulikuwa tumetamka neno lile lile, herufi kwa herufi, na kila mmoja akaliona lake.

Acha niseme mimi nililiona nini. Nimekulia Keko. Kwa mtoto wa Keko, Sabasaba ni viwanja vya maonyesho pale Barabara ya Kilwa, na mwaka mzima ulihesabiwa kuelekea huko. Miaka ile ya mwanzo wa 80, wakubwa mnakumbuka, dukani hakukuwa na kitu. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na kuna foleni uliyojiunga nayo kwanza ndipo ukauliza mbele kunauzwa nini. Lakini ukiingia Sabasaba unakuta nchi nyingine. Vitenge vya kiwanda cha Urafiki vimening'inizwa kutoka juu mpaka chini. Majembe ya UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, yamepangwa yanang'aa, rangi haijaguswa na udongo. Watu walikuwa hawanunui, vingi havikuwa vya kuuzwa, walikuwa wanagusa. Nilimwona mama yangu mzazi akishika pindo la kitenge kwa vidole viwili, akilisugua taratibu, halafu akaliachia na kuendelea kutembea. Hakusema neno. Mpaka leo nikisikia "maonyesho" naviona vile vidole.

Na mwaka mmoja nilipotea. Nikaokotwa, nikapelekwa kwenye banda la vipaza sauti, na uwanja mzima ukatangaziwa: amepatikana mtoto wa kiume, shati la kijani, analia, akiulizwa jina la baba yake anasema anaitwa Baba. (Kicheko.) Mnacheka, lakini ilisaidia. Walikuja kina baba sita.

Hiyo ndiyo Sabasaba niliyokwenda nayo Nairobi. Ya mama mwenye nyumba ilikuwa na umri wa miaka 7 tu wakati ule, na ilizaliwa karibu na alipolala, pale kwenye kiwanja cha Kamukunji.

Wanafunzi wetu wa Tanzania wengi hawalijui hili, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Kenya tangu mwaka 1982 ilikuwa na chama kimoja kwa mujibu wa katiba, kifungu maarufu cha 2A. Tarehe 3 Mei 1990, waliokuwa mawaziri wawili, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliita waandishi wa habari wakasema hadharani kwamba mfumo huo umefika mwisho, vyama vingi viruhusiwe. Rubia huyu ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi. Hawakuwa watu wa pembeni. Wakataka kibali cha mkutano wa hadhara Kamukunji, Jumamosi tarehe 7 Julai. Kibali kikanyimwa. Tarehe 4 Julai wote wawili wakakamatwa, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Kwa hiyo siku ilipofika, walioitisha mkutano walikuwa ndani na mkutano ulikuwa umepigwa marufuku. Watu wakaenda hivyo hivyo. Na hapa ndipo mimi naiona kazi ya jina. Tangazo lolote la mkutano unaweza kulizuia gazetini, unaweza kulizuia redioni. Utalizuia vipi tangazo ambalo ni tarehe yenyewe? Konda wa matatu hahitaji karatasi. Anasema "Saba Saba", aliyesikia ameshajua siku, na akishajua siku, mahali anapajua. Tarehe 9 Oktoba huwezi kuifanyia hivyo, haitamkiki kwa pumzi moja.

Polisi walitumia mabomu ya machozi, Wakenya wanaita vitoa machozi, na risasi. Vurugu zikatoka Kamukunji zikaenda mitaa mingine ya Nairobi, zikaenda miji ya Mkoa wa Kati na Nakuru, kwa siku kadhaa. Kuinua vidole viwili barabarani, ishara ya vyama vingi, kulitosha kukupatia kipigo. Serikali yenyewe ilikiri vifo vipatavyo 20. Wengine walihesabu zaidi. Waliokamatwa walipita elfu moja. Jumamosi hiyo hiyo, kule Bari, Italia na Uingereza walikuwa wakigombea nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia, na nyumba nyingi Afrika zilikuwa bado na kidonda cha Kameruni kutolewa na Waingereza hao hao wiki moja nyuma. Ukiwauliza watu wa rika langu hapa Tanzania walikuwa wapi tarehe 7 Julai 1990, watakwambia habari za mpira. Hatukujua. Au tulijua tukageuza shingo, nalo linawezekana.

Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini mwaka 1991, na afya yake haikurudi tena kama zamani. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba mwaka huo huo, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992.

Turudi uani Shauri Moyo. Vile vitambaa kwenye ndoo, nilikuja kuelewa, vilikuwa vya kufunika pua na kuziba chini ya mlango moshi ukija. Mwaka 1990 hakuwa navyo tayari. Safari hii alijiandaa.

Asubuhi yake, Jumatatu, kilichoniamsha ni ukimya. Waliowahi kuishi karibu na Kamukunji wanajua pale kuna mafundi wa jua kali, wanaogonga bati wanatengeneza masanduku ya wanafunzi, majiko, makarai, sufuria. Nyundo zile zinaanza mapema na hazina Jumapili; baada ya mwezi mmoja huzisikii tena, zinakuwa kama mapigo ya moyo wako mwenyewe. Asubuhi hiyo zilikuwa zimenyamaza. Nililala kitandani nasikiliza kitu kisichokuwepo. Mama aligonga mlango akanipa kikombe cha chai na kitambaa kibichi, akaondoka bila maelezo.

Mwaka ule wa 1997 watu walikuwa wakidai mabadiliko ya katiba kabla ya uchaguzi, na walichagua Saba Saba makusudi. Polisi waliingia mpaka ndani ya Kanisa Kuu la All Saints. Mchungaji Timothy Njoya alipigwa. Lakini angalieni kilichofuata: kabla mwaka haujaisha, bunge lilipitisha marekebisho, na mojawapo lilikuwa kwamba mkutano wa hadhara hauhitaji tena kibali, unatosha kuutolea taarifa polisi. Kibali walichonyimwa Matiba na Rubia kiliondolewa kwenye sheria. Tarehe ilikuwa imerudi kudai deni lake, ikalipwa walau kwenye karatasi.

Nimewahi kuulizwa, mwalimu, kwani siku gani haina mambo? Ni kweli. Tarehe 7 Julai 1978 Visiwa vya Solomon vilipata uhuru. Tarehe hiyo mwaka 1985 Boris Becker alichukua Wimbledon akiwa na miaka 17. Mwaka 1998 Moshood Abiola wa Nigeria alifia kizuizini. Mwaka 2005 mabomu ya London yaliua watu 52. Mwaka 2021 Rais Jovenel Moïse wa Haiti aliuawa nyumbani kwake. Ukitafuta utajaza daftari. Lakini hayo yaliiangukia tu tarehe 7 Julai, yangeweza kutokea tarehe 8 na yasipungukiwe kitu. Ninayoyazungumzia mimi ni yale yaliyoifuata tarehe kwa miguu yao, yakijua yanakwenda wapi. Na yakifuatwa nyuma moja moja, yanaishia kwenye jengo moja Dar es Salaam.

Jumatano, tarehe 7 Julai 1954, New Street, mtaa ambao leo ni Lumumba. Ofisi ya TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika kilichoanza mwaka 1929. Wajumbe 17. Mwalimu Nyerere wakati huo alikuwa anafundisha Pugu, na alikuwa ameuchukua urais wa TAA mwaka mmoja kabla, Aprili 1953. Siku hiyo TAA ikageuka TANU. Kwa maneno machache, kutoka chama cha kuomba kikawa chama cha kudai.

Watu wa Arusha, mna mtu wenu ndani ya chumba kile. Kirilo Japhet, Mmeru. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, ardhi ikatengwa kwa walowezi, na mwaka 1952 Kirilo alisafiri mpaka New York akaishtaki serikali mbele ya Umoja wa Mataifa. Kesi hakushinda. Lakini alirudi akijua kwamba kilio cha kabila moja hakifiki mbali, na miaka miwili baadaye yupo New Street. Ukiyaangalia yale majina 17, unakuta Mmeru huyo, unakuta Patrick Kunambi Mluguru, unakuta Nyerere Mzanaki, unakuta Abdulwahid na Ally Sykes ambao babu yao alikuwa Mzulu aliyeletwa na jeshi la Wajerumani kutoka Msumbiji. Watu hawa kwa lugha za mama zao wasingeweza kuagiza hata chai pamoja.

Kiingereza baadhi yao walikuwa nacho, na kizuri. Lakini Kiingereza kingeishia mlangoni pale pale. Kilichotoka nje kikaenda Kariakoo, Ilala, Magomeni, ni Kiswahili, na si cha vitabuni. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa lelemama, alichukua sehemu ya wanawake ya TANU akaenda moja kwa moja kwenye vikundi vya ngoma, ambako wanawake walikuwa tayari wana viongozi wao, michango yao na nidhamu yao. Akaandikisha maelfu. Sijui kwa nini vitabu vya shule vinampa aya moja. Mimi ningempa sura nzima, na ya Nyerere ningeipunguza kidogo, Mwalimu mwenyewe asingenuna.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, miaka saba na miezi mitano tangu siku ile. Wapenda namba, chukueni hiyo saba nyingine, sitawatoza.

Ndipo Sabasaba ya Tanzania ikawa sikukuu, siku ya wakulima, baadaye wakulima wakahamishiwa Nanenane, tarehe 8 Agosti, na Sabasaba ikabaki na biashara. TANU yenyewe iliungana na ASP, chama cha Zanzibar, mwaka 1977 ikawa CCM. Chama kikaisha, tarehe ikabaki na mabanda. Nina jirani, kijana msomi, aliyeniuliza kama Sabasaba ni jina la kampuni iliyojenga vile viwanja. Nilimsamehe, lakini si haraka.

Halafu likaja la tatu. Tarehe 23 Novemba 2021, Paris, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa siku ya namna hiyo. Julai 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaithibitisha. Sababu iliyotajwa ni hiyo hiyo ya 1954, kwamba TANU ilikifanya Kiswahili chombo cha kudai uhuru. Ni heshima kubwa, na mimi nilivaa suti. Ila nilipoona mabango ya sherehe, yenye ngoma na vibuyu, nikamkumbuka mama wa Shauri Moyo na ndoo yake. Yeye naye aliijua 7 Julai kwa Kiswahili. Ya kwake haikuwekwa kwenye bango.

Na lugha inaendelea na kazi bila kutuuliza. "Kamukunji", ambalo lilikuwa jina la kiwanja tu, Kenya leo ni neno la kawaida: wanafunzi wanafanya kamukunji, wanasiasa wanafanya kamukunji, maana yake mkutano wa papo kwa papo. Mwaka 2024 vijana wa Kenya, baada ya Saba Saba yao kuwa tamasha la kuwakumbuka waliouawa kwenye maandamano ya mwezi uliotangulia, pale Uhuru Park, waliitisha maandamano ya tarehe 8 Agosti wakayaita Nane Nane. Mnaona? Siku hiyo hiyo Tanzania tulikuwa viwanjani tunaangalia ng'ombe wa maziwa na mbegu za mahindi. Mwandishi mmoja wa mitandaoni wa kwetu aliona "Nane Nane Nairobi" akaandika kwamba Wakenya nao wameanza kuonyesha mifugo. (Kicheko.) Hata tahajia inatutenganisha: sisi tunaunganisha, Sabasaba, wao wanaachanisha, Saba Saba. Mhariri wangu ananiuliza kila mara ipi ni sahihi. Namwambia inategemea umesimama wapi.

Namalizia, mshereheshaji nimekuona.

Sabasaba ya 2025, Jumatatu, nilikuwa Barabara ya Kilwa na wajukuu wawili, maonyesho ya 49. Tumepanga mstari getini, jua la saa nne, mdogo ameshaanza kudai ubuyu, vipaza sauti vinatangaza mtoto aliyepotea, kama kawaida. Simu ikaita. Mwanawe yule mama wa Shauri Moyo, siku hizi tunaitana ndugu; mama mwenyewe ni mzee sasa, yupo naye. Tukasalimiana. Akasikia zile kelele akaniuliza, "Uko wapi, kaka?"

Nikasema, "Niko Sabasaba."

Akanyamaza kidogo, halafu akacheka kicheko kile kisicho na furaha. Nikamuuliza kwao vipi. Akasema barabara za kuingia mjini zimefungwa tangu alfajiri, hajafungua duka, wako ndani wote. Jioni hesabu zilianza kutoka, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilipokamilisha hesabu zake siku zilizofuata, waliouawa walizidi 30. Lakini asubuhi ile alikuwa hajui bado, na mimi sijui.

Nikamwomba aniwekee mama. Nikamwamkia, nikamuuliza anafanya nini.

Akasema, "Nachovya vitambaa."